Siku Jua Lilipohamisha Mpaka Wetu

Nafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Morogoro mjini, na kosa lililotuponza lilikuwa ndani ya somo langu mwenyewe.

Shamba letu liko milimani, juu ya Mlali. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa akina mama, na msemaji wake ni mjomba. Mpaka wetu na jirani ulikuwa mstari wa masale, mimea ya kuonyeshea mpaka, aliyoyapanda bibi, mama yake mama, na kandokando yake, upande wetu, ndipo tulipomzika. Siku ya kupimiwa ardhi ili tupewe hati, mjomba alitaka mpimaji ayafuate masale. Kiherehere kikanishika.

“Mjomba, masale ni mambo ya zamani. Satelaiti haidanganyi.”

Akanitazama. “Haya, mpwa wangu. Wewe ndiye uliyesoma.”

Kifaa cha mpimaji kilikuwa cha mkononi, na namba zake zilirukaruka. Akasingizia miti, nami msomi nikaitikia. Jiwe la mpaka likasimikwa ndani ya migomba yetu, kaburi likabaki upande wa jirani. Mama akaguna. Nikamwambia mashine inajua. Mjomba akaweka dole gumba kwenye fomu, kisha nikang’oa masale kwa mikono yangu, ati pasiwe na mipaka miwili.

Wiki ileile nikasoma kwamba Jua lilikuwa limelipuka, na dhoruba yake ilitufikia siku ileile ya upimaji. Habari hizo nazifundisha kila mwaka, chaki mkononi. Jua huzunguka haraka zaidi katikati kuliko kwenye ncha zake, hivyo mistari ya sumaku yake husokotwa kama kamba ya katani. Ikizidi kusokotwa, hukatika na kujiunga upya, na nguvu iliyobanwa humo hufyatuka, ikirusha angani gesi ya moto iliyojaa umeme. Ikitufikia, huvuruga tabaka la juu la hewa, mawimbi ya satelaiti yakachelewa, na kifaa kikapotea kisijue kilipo. Jua silidai kitu. Mwenye cheti ukutani nilikuwa mimi.

Nilimfuata mpimaji, nikamweleza yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza mpaka wa zamani ulipita wapi. Nikaonyesha udongo mtupu.

Mama hajanigombeza hata siku moja, na afadhali angenitukana. Jirani si mtu mbaya. Mama akitaka kupalilia kaburi la mama yake, husimama uani kwake na jembe, hupiga hodi, na akiruhusiwa hushukuru.