Neno Lililoishia Kooni mwa Mama

Miaka ya hamsini, katika shule yetu ya ualimu Goma, mtihani wa saikolojia ulitutisha kuliko yote. Aliyeshindwa hakupewa darasa. Alirudi kuchuma kahawa ya Wabelgiji, na mimi kahawa nilikuwa nimeichoka tangu utotoni. Maneno ya kisayansi niliyakariri kama sala. Moja tu lilinikataa: inhibition. Padri aliyetufundisha alisema ni nguvu inayozuia tendo lililokwisha kuwa tayari kutendeka. Nikamuuliza nguvu hiyo inakaa wapi. Akaniambia nisome. Kitabuni kulikuwa na mbwa wa maabara, na mbwa wa namna hiyo sijapata kumwona hadi leo.

Jumapili moja kabla ya mtihani nilikwenda nyumbani, upande wa Kibati. Ng'ombe wa jirani akaingia kwenye maharagwe yetu. Mama ndiye aliyemwona kwanza. Akafungua kinywa anipigie kelele, ulimi uko tayari, kisha akakifunga, akaanza kupiga sufuria kwa mwiko huku akinionyesha shambani. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lililomo ndani ya jina hilo, na ndani ya jina la babu yangu alikuwemo ng'ombe. Nilikuwa nimekua na jambo hilo bila kulitazama. Siku hiyo maharagwe yaliliwa, mimi nimesimama tu namkodolea mama macho.

"Mama, ile neno imeenda wapi?"

Akacheka, akagusa koo lake. "Inafikaka hapa, inarudia. Zamani ilikuwa inaniuma. Sasa hapana, mutoto yangu."

Mtihani ulikuwa wa mdomo, mbele ya inspekta Mbelgiji. Akaniuliza maana ya inhibition, pamoja na mfano. Nilifurahi mno. Nikamsimulia habari ya mama na ng'ombe mwanzo hadi mwisho. Akaweka kalamu chini, amependezwa kweli.

"Na jina la babu yako ni lipi?"

Mimi mjukuu sikukatazwa. Nyumbani nililitaja nilivyotaka. Nikafungua kinywa. Jina likaja, likakwama. Nikajaribu tena, jasho likanitoka. Niliona darasa langu linaniponyoka, na bado sikuweza kumpa mgeni kitu ambacho mama alikimeza tangu siku alipoolewa.

Inspekta alinitazama kooni, si machoni.

"Basi, usiseme," akasema, na kuchukua kalamu yake. "Nimeshaiona."