Mzinga Uliotoka Chini ya Maji

Juzi binti yangu alinionyesha picha kwenye simu: wazamiaji wamekuta mzinga wa meli ya kale chini ya bahari, umeota matumbawe mwili mzima. "Mama, ona ulivyo mzuri!" Nilimrudishia simu, nikatoka nje. Yeye sikuweza kumweleza. Wewe nitakueleza.

Baba alikuwa fundi wa vyuma mtaa wa Gerezani. Ukitokea Kariakoo, nyundo unazisikia kabla hujaona mtu, na moshi wa gesi ya kukatia unakuwasha pua. Shule zikifungwa nilimpelekea chai ya tangawizi na chapati, kisha nikabaki nikichambua misumari. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mzamiaji. Chuma chochote akikipata baharini, alimletea baba akate.

Siku moja alileta mzinga kwa mkokoteni, mrefu kunishinda, umegandwa na chaza. Nilipewa patasi niwabandue, nikafurahi kweli. Nilipofika mdomoni nikakuta kizibo cha mti, kimeshindiliwa ndani.

"Baba, huku kumezibwa."

"Moto utakizibua, mwanangu. Hebu nenda kanichotee maji."

Nilikuwa bombani, ndoo haijajaa. Nikasikia mshindo, nikadhani tairi la lori limepasuka. Kisha nyundo zote zikanyamaza. Nilipokimbia kurudi, mama muuza uji alinidaka, akanifunika uso kwa kanga yake iliyonukia iliki. Baba sikumwona tena. Wengine walisema ni baruti iliyobaki kavu ndani miaka yote hiyo, wengine wakasema ni mvuke. Mimi najiuliza ingekuwaje kama ningemtajia kile kizibo mara ya pili.

Msibani mjomba aliinama mbele ya mama. "Shikamoo, dada." Mama akageuza uso. Baharini mjomba hakurudi tena. Akawa anauza mitumba Magomeni. Kila Idi alikuja, akasalimia, akaondoka bila kujibiwa.

Nilishakuwa na watoto wangu siku mama, akiwa mgonjwa kitandani, alipomjibu mjomba, "Marahaba. Kaa ule." Mjomba alilia, sahani mapajani, mpaka wali ukapoa.

Sasa wote watatu tumeshawazika. Karakana imekuwa ghorofa la maduka ya spea, na vijana wa pale huniita, "Karibu, mama, unatafuta nini?" Nasimama kidogo, najaribu kukumbuka sauti ya baba akiniita jina langu. Haiji.