Mama Koti, Mshonaji wa Vyombo vya Anga za Juu

Saa mbili asubuhi, Mama Koti yuko mezani, amefunikwa nguo nyeupe ya kuzuia vumbi kuanzia utosini hadi nyayoni. Macho tu ndiyo yanaonekana. Mbele yake kuna matabaka ya plastiki inayong'aa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Anayashona kwa mkono, polepole, maana kila tundu la sindano ni mlango wa baridi.

Jina hilo alibandikwa na wahandisi. Katika karakana hii yeye ndiye anayevivisha makoti ya kukinga baridi vyombo vya anga za juu: satelaiti zinazoizunguka dunia, darubini, vyombo vya kutua mwezini, na vigari vinavyotembea huko bila dereva.

Hakusomea anga. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha cherehani, na yeye mwenyewe akaja kushona sare za shule na magauni ya harusi kwa miaka mingi. Alipoona tangazo la kutafuta mshonaji mwenye mkono mwepesi, alidhani ni mapazia ya ofisi.

"Sisi mafundi tunasifika kwa 'njoo kesho'," anasema akicheka. "Hapa hakuna kesho. Roketi ikipangiwa siku, imepangiwa."

Mumewe, fundi bomba, huwatania majirani kwamba mkewe anawashonea wateja wasiokuja kupimwa wala kulalamika kwamba nguo inabana.

Lakini mwaka jana mteja mmoja nusura amtoe roho. Kigari alichokivisha kilitua mwezini salama, kikafanya kazi hadi jua likazama. Usiku wa huko huchukua wiki mbili, na baridi yake hukata nyaya na kuua betri. Kigari kikazimwa, kikalazwa kungoja jua. Kisipoamka, jasho la miaka ya watu wengi lingekwenda na maji.

Mumewe anasema siku hizo alimkuta akikaza vifungo vya mashati ambavyo havikuwa vimelegea.

Jua lilipochomoza mwezini, wote walijazana chumba cha mawasiliano kusikiliza. Kimya. Kesho yake, kimya. Mhandisi mmoja kijana akaanza kueleza jinsi kigari kilivyokuwa kizuri.

"Usiseme 'kilikuwa', mwanangu," Mama Koti alimwambia. "Bado kimelala."

Siku ya tatu mawimbi ya redio kutoka kwenye kigari yakaingia, hafifu, kisha picha: mkono wa kigari, vumbi tele, na mshono wa begani umekaa palepale. Watu walikumbatiana. Yeye alitoka nje akampigia simu shangazi yake.

"Aliniuliza kama mshono umefumuka," anakumbuka. "Nikamwambia haujafumuka. Akasema, 'Basi umeshona.'"

Sasa yuko kwenye koti jipya, la chombo kitakachosafiri miaka saba hadi kwenye sayari ya mbali. Kitakapofika, atakuwa ameshastaafu. Amepanga kufungua darasa la ushonaji sebuleni kwake, na wahandisi wameahidi kumwita siku ya chombo kufika.

"Naomba uhai tu," anasema, akikata uzi. "Nataka nikione kimefika kimevaa."