Nusu na Theluthi

Harufu ya mpira wa ndani wa baiskeli uliopigwa na jua hunirudisha darasa la tano hadi leo. Barabara yetu ya Rumonge imejaa harufu hiyo, maana wachukuzi wa mawese hufunga vidumu vyao kwa vipande vya mpira huo, na wakisimama kupumzika pembeni jua huuchemsha. Wenzangu hupita bila kuijali. Mimi huvuka upande wa pili.

Mwalimu Silvesta alisuka vipande vitatu vya mpira kama huo kama mtu anavyosuka nywele, akafunga fundo mwishoni, akauning'iniza kwenye msumari kando ya ubao. Tulikuwa darasa la tano, watoto tisini na wanane, wanne wanne kwenye benchi la watu wawili. Mimi nilikuwa nimerudi na mama kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania mwaka uliotangulia. Kirundi changu kilikuwa cha kuombea maji, Kifaransa sikuwa nacho kabisa, na wenzangu waliniita Mutanzania. Kitu kimoja tu kiliniokoa: hesabu. Tarakimu hazina lugha, na kule kambini nilikuwa nimeshafundishwa.

Zaituni ndiye aliyenipokea. Alikuwa binti wa fundi wa mitumbwi, Mwislamu wa pale pale mjini, mwenye Kiswahili kitamu na mdomo usiokaa kimya. Alinisogezea nafasi kwenye benchi lake siku ya kwanza, akaniambia, "Wewe kaa hapa. Mimi nitakusemea Kirundi, wewe utanionyesha hesabu." Mkataba ukawa huo.

Nisimseme Mwalimu Silvesta kwa ubaya peke yake. Alikuwa na sauti ya kuimba ambayo ingejaza kanisa. Akisimulia habari za wafalme wa zamani tulisahau njaa. Siku za namna hiyo mpira ulilala kwenye msumari wake. Lakini ikifika saa ya hesabu aliuteremsha kabla hata ya kushika chaki, na sisi tukaanza kujikunja mapema, kila mtu akichagua ni sehemu gani ya mwili atakayoitoa.

Asubuhi ile aliandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi. Akaandika jibu bila kugeuka: mbili ya tano. Akajumlisha vya juu, akajumlisha vya chini, akapiga mstari. "Andikeni."

Nilijua imekosewa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Niliinamisha kichwa nikaandika.

Zaituni akainua mkono. "Mwalimu, eskize, unisamehe. Nusu peke yake si iko kubwa kushinda hiyo?"

Sikuona kiburi chochote katika sauti yake. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyeona samaki mwenye miguu. Mwalimu Silvesta aligeuka polepole. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Unasema mimi ni mujinga?"

"Hapana, Mwalimu. Nauliza."

Akatembeza macho darasani, akanikuta. Kila mtu alijua kuwa mimi ndiye wa kwanza katika hesabu. "Wewe, Mutanzania. Simama. Hii jibu iko sawa ao haiko sawa?"

Nilisimama. Zaituni alinitazama kutoka chini, ametulia kabisa, hata ameanza kutabasamu, kwa sababu alijua mimi najua.

"Iko sawa, Mwalimu," nikasema.

Alimvuta Zaituni kwa kola ya sare hadi mbele. Pigo la kwanza lilimpata mgongoni, la pili mgongoni, la tatu alilikinga kwa mkono, nikasikia kidole kikilia kama kijiti kikavu. Alipopiga yowe, Mwalimu alipandisha hasira badala ya kuipunguza. Alipiga shingo, akapiga kichwa, na lile fundo la mwisho likamwingia Zaituni sikioni. Aliacha kulia. Alianguka akigonga pembe ya benchi la mbele, na damu nyembamba ikatoka sikioni ikafuata taya mpaka kwenye kola. Mwalimu alibaki amesimama, mkono juu, anahema kama aliyekuwa akikimbizwa.

Wa karibu na mlango walikwisha kutoka. Pwani ya ziwa hapakuwa mbali. Kwa mwendo wa mtoto anayekimbia, ilikuwa ni kuteremka kilima kidogo, kupita vitanda vya ndagala, wale dagaa wadogo, walioanikwa, mpaka pale wanapogonga mitumbwi. Habari ilimfikia baba yake Zaituni akiwa na mafundi wenzake.

Walikuja wanne. Baba Zaituni alikuwa mtu mpole niliyemzoea, anayenipa maandazi nikienda kwao. Aliingia na kasia mkononi, akamwona mwanawe chini. Pigo lake la kwanza lilimvunja Mwalimu meno. Nililiona jino likiruka na kuangukia daftari la mtu. Mwalimu aliangukia ubao, ubao ukaanguka naye, wale watatu wakamvamia kwa mateke. Wenzangu walikanyagana kutoka madirishani. Mtoto mmoja alikuwa anacheka, kicheko cha kutisha kisichokoma. Mimi sikukimbia. Nilikuwa nimesimama pale pale niliposimamishwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniambia nikae.

Hapo ndipo Madamu Esperansi alipoingia. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, upande wa pili wa ukuta, msichana mwembamba aliyetoka shule ya ualimu miezi miwili tu iliyotangulia. Walimu wakongwe walimcheka kwa sababu aliandaa masomo kwenye daftari kila jioni. Alipita katikati ya wanaume wale akajilaza juu ya Mwalimu Silvesta. Kasia lilikuwa limeshashuka. Lilimpata begani, nikasikia pumzi ikimtoka yote.

"Baba Zaituni!" akasema alipoipata tena. Hakupiga kelele. "Mutoto iko anatoka damu. Huyu utamukuta kesho. Mutoto mupeleke sasa."

Yule baba alimtazama kama aliyeamshwa. Kasia likamponyoka. Alipiga magoti akamkusanya mwanawe, akawa analia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua mwanamume anayo. Madamu alivua kitenge chake cha juu, akamfunga Zaituni kichwa kwa mkono mmoja na meno, akawasindikiza hadi barabarani wakapata pikipiki ya kwenda hospitali. Kisha alirudi kutuhesabu, mmoja mmoja, akitaja majina ya wale aliowajua.

Mwalimu Silvesta hakurudi shuleni. Jumatatu Madamu alipewa sisi pamoja na watoto wake wa darasa la pili, darasa moja asubuhi, jingine mchana. Aliingia mkono wa kushoto umefungwa shingoni. Akatusalimu amahoro, tukaitika, akainua mkono wa kulia kufuta ubao. Mistari mitatu ya mbele ikajikinga vichwa kwa pamoja.

Aligeuka akatukuta hivyo. Akaushusha mkono taratibu sana. "Nitafuta ubao," akasema. "Kitambaa hiki hapa. Sasa nainua mkono." Ndipo akaufuta. Alifanya hivyo majuma mengi. Kila alipotaka kuinua mkono alitangaza kwanza, mpaka siku moja akasahau kutangaza na hakuna aliyejikinga.

Kutoka kwenye kikapu alitoa mihogo mitatu iliyochemshwa, yenye urefu mmoja. Akauliza, "Zaituni aliuliza nini siku ile?" Akasubiri. Sijapata kuona mtu mzima anayeweza kusubiri namna ile, bila kukunja uso. Mwishowe sauti ikatoka nyuma, "Aliuliza kama nusu iko kubwa."

"Murakoze, asante. Hilo ni swali zuri. Sasa tutalijibu."

Tukakata muhogo wa kwanza katikati, wa pili vipande vitatu sawa. Tukapanga nusu moja na theluthi moja kwenye meza: karibu muhogo mzima. Tukakata wa tatu vipande vitano, tukatoa viwili, tukaviweka kando. Vilikuwa vifupi, hata nusu peke yake ilivishinda. Darasa likacheka. Mimi nikaanza kulia.

Aliniita nje, akachuchumaa macho yetu yakawa sawa. "Ulijua?"

"Nilijua."

Nilitaka aniambie kwamba nilikuwa mtoto tu, kwamba nisijali. Hakuniambia. "Basi utamwambia mwenyewe," akasema, "mimi nitakusindikiza."

Zaituni alikuwa amelala kwenye mkeka kwao, kidole kimefungwa kijiti. Nilisema niliyoyasema, mbio mbio, nikiangalia ukuta. Hakujibu. Nikadhani amekataa. Kisha akageuza kichwa kwa shida mpaka sikio la kulia likanielekea.

"Sema tena," akasema. "Upande ule hausikii."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Sikio la kushoto halikupona, na mpaka leo, tukikaa pamoja, mimi hukaa kulia kwake.

Nilikwenda shule ya ualimu. Miaka miwili nilifundishwa kazi hii. Mkufunzi alikuwa akikaa benchi la nyuma na daftari, na jioni ananisomea kila nilipoharibu: hapa umejibu mwenyewe swali lako, hapa umewasahau wa dirishani, hapa hukujua ukaongeza sauti. Katika juma langu la kwanza la kazi, huko Minago, binti mmoja aliniuliza kwa nini maji ya ziwa letu hayana chumvi. Sikujua. Macho sabini yakinitazama, nikasikia vidole vyangu vikitafuta kitu cha kushika.

Ndipo nilipomwelewa Mwalimu Silvesta, miaka mingi baada ya kumlaani. Alikuwa amemaliza darasa la kumi, vita vimepunguza walimu, akapewa chaki na watoto tisini na wanane. Hakuna aliyewahi kukaa nyuma ya darasa lake na daftari. Alijua kuimba, alijua wafalme, hakujua hesabu za sehemu, na hakuna aliyemfundisha kusema sijui mbele ya watu. Alipiga pale tu elimu yake ilipokoma. Kumwelewa hakukunifanya nimsamehe. Sikio si langu, na msamaha si wangu kuutoa.

Lakini utotoni niliamini kwamba mle darasani kulikuwa na mtu mmoja mkali na watoto waliomwogopa. Sasa najua kwamba sote tulikuwa tunaogopa, yeye kuliko sisi, na kwamba asubuhi ile ni mtoto mmoja tu aliyekuwa amekuja kujifunza.