Maji Meusi Kwenye Kioo

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha dharura hapa Kamina, mkuu wa huduma, mzee mkali, alinivuta pembeni kabla hata sijanawa mikono. "Hapa mu urgence, usisemake damu mbele ya famille," aliniambia. "Damu inaogopesha bantu. Sema mayi." Nikashika hivyo. Damu ikijaa kifuani, tulisema maji. Ikijaa tumboni, maji. Wauguzi wote walielewa, na jamaa za wagonjwa walitulia.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilishuku dawa zilizobadilishiwa boksi, nilishuku wagonjwa walioapa hawajanywa kitu. Wakuu watano walikuja wakaondoka, mimi nikabaki na vidole vyangu vya kuminyia tumbo. Basi miaka yangu ya mwisho, alipokuja daktari kijana na eko, mashine ya kuonyesha ndani ya mwili, ndogo ya kubeba mkononi, sikumpenda yeye wala mashine yake. Eko tuliijua ni ya wajawazito. Yeye aliileta kitandani kwa walioanguka, akapaka jeli, akabandika sonde, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa kama kipande cha sabuni. Kwenye kioo mfupa ni mweupe na majimaji ni meusi. Mkojo mweusi, damu nyeusi. Mashine isiyojua mkojo na damu ndiyo inifundishe kazi?

Kisha akaletwa Kabange, mwanamke wa Mulongo aliyekuja na dada yake mkubwa kuuza samaki wa kukausha. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye pikipiki. Aliongea vizuri, akidai viatu vyake. Niliminya tumbo: laini. Daktari akaweka sonde upande wa kulia, kati ya ini na figo, mahali damu ya tumboni hupenda kujikusanya. Mstari mwembamba mweusi.

"Ni supu alikunywa asubuhi, Dokta," nilimtania.

"Papa, tungoje kidogo, turudilie."

Aliporudia, mstari ulikuwa umenenepa kama kidole, na moyo wa Kabange ulikuwa unakimbia. Ilikuwa damu: bandama imepasuka. Daktari akakimbia kuandaa chumba cha upasuaji, akaniachia kazi ya kumweleza dada.

"Mama, iko na mayi mu tumbo," nilimwambia. "Tutamupasua."

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Mayi tu?"

"Njo ile," nilikubali.

Nikaenda kuchukua chupa ya serumu ya kumtundikia. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

Niliwakuta getini. Dada alikuwa anampakia Kabange kwenye pikipiki, kichwa kimelala begani kwa dereva.

"Tunarudi kwetu," alisema. "Kule bako na miti ya kukausha mayi mu tumbo. Miye mwenyewe nilipona nayo. Nyinyi munapendaka tu kukata bantu."

"Mama, ni damu! Iko anatoka damu mu ndani!"

"Weye ulisema mayi."

"Nilisema bongo."

Watu wote getini walisikia muuguzi mwenye mvi akikiri uongo. Niliona aibu kubwa, na hofu ilikuwa kubwa zaidi, maana Kabange hakuwa anadai viatu tena. Dada alinitazama nikadhani ataniteremshia kofi.

"Mushike miguu," aliniambia, tukambeba kumrudisha ndani.

Damu ya kumwongezea ilihitajika, na ya dada ililingana. Alilala, lakini akaukunja mkono kifuani. "Mbele useme. Hii munatoa kwangu njo nini?"

"Damu, mama."

Ndipo akaunyoosha mkono.

Kabange alipasuliwa, akapona, akaondoka kwa miguu yake. Mimi nimestaafu. Wanafunzi wa uuguzi hunijia nyumbani kuuliza habari za eko. Nawaambia waiamini, lakini warudie kipimo, na neno lenyewe walitaje. Wanaandika, wananishukuru, wanakwenda zao.

Kuna jambo siwaambii. Kabla ya Kabange, familia nyingi ziliongea nami kisha zikamchukua mgonjwa wao kimyakimya. Nilizilaumu, nikisema watu hawa hawaiamini hospitali. Siku hizi naketi nikijaribu kukumbuka nyuso zao, nikijiuliza ni wangapi niliwaambia kwamba ni maji tu.