Vikeki Vilivyomngoja Baba

Jana nilifungua oveni kuchungulia tu, na vikeki vyangu vya krimu vikanywea vyote kama mipira iliyotobolewa. Mtu mzima, siku nzima nimo ndani, na bado sina subira ya dakika chache. Lakini harufu ya siagi na mayai ilikuwa imeshajaa jikoni, ikanirudisha kwenye sigiri ya mama, jiko lake la makaa, siku ya Idi.

Mama hakuwa na oveni. Alichemsha maji na siagi, akamwaga unga, akausonga kama posho, ule ugali wetu, akatia mayai moja moja. Kisha akaoka ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Baba alikuwa amehamia Mbuya kwa mke mdogo, na alituma salamu kwamba Idi hiyo atakula kwetu.

"Mama, vina tumbo kama la baba," nilisema.

"Basi alilete hilo lake, nilijaze," akacheka. Siku hiyo alikuwa amejipaka wanja.

Krimu haitiwi mapema, vikeki hulainika. Kwa hiyo vilikaa kwenye sinia, vitupu, nasi kando yake na nguo zetu mpya, marufuku kugusa. Adhuhuri ikapita. Alasiri krimu ikaanza kutoa maji, na mama bado anatazama geti.

Jirani yetu Mkongo, aliyekuja kutusalimia, alisimama mlangoni. Akalitazama sinia, akamtazama mama.

"Dada, ule bwana hatakuya. Patia batoto bakule."