Aliyehama na Maji Yetu

Siku ile Papa Dezire alipohama mtaani kwetu, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu, na kwenye arusi yangu nilicheza mpaka viatu vikakatika. Ilikuwa miaka ile baada ya mauaji ya kimbari. Sisi tuliozaliwa Bukavu tulikuwa tumevuka daraja la mpakani, tumerudi katika nchi ya wazazi wetu tusiyoijua, tukapata vinyumba huku bondeni, chini ya Kamembe. Ng'ambo, kule Bukavu, bunduki zilikuwa bado zinalia. Wewe huyajui hayo, na heri usiyajue.

Papa Dezire ndiye aliyekuwa tajiri peke yake huku chini. Aliuza vitenge, na depo yake ilikuwa karibu na ziwa. Alikuwa na kiburi, sitamsingizia mema. Mtumishi wake alikuja kwenye robine, lile bomba la mtaa, akiwa wa mwisho, akateka wa kwanza, na ukimwuliza anakujibu, "Unajua nani amenituma?" Tulimchukia yule mtu, mwanangu, tukachukia hata mbwa wake.

Sasa, sisi watu wa Bukavu tulikuwa na desturi yetu: jirani akihama, unambebea. Godoro, sufuria, hata kuku. Lakini siku Papa Dezire alipohamia juu, kule karibu na uwanja wa ndege wanakokaa wakubwa, hakuna aliyenyanyua hata kijiko. Tulisimama milangoni tumekunja mikono, vijana wakagonga masufuria. Mimi nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, Sifa, nikapiga vigelegele.

Koko Veneranda akapita katikati yetu, kiti cha Papa Dezire kichwani. Koko ndivyo tulivyowaita mabibi. Alikitua chini, akatukazia macho.

"Munacheka nini? Munafikiri ile robine ni yenu? Siku ilikuwa inakauka, nani alikuwa anaenda kwa biro ya mayi kupiga makelele? Ni ule muntu! Leo anahama na kinywa yake. Batoto yenu batakunywa nini?"

Tukacheka zaidi. Ee, tulicheka! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walishasema, lakini kijana gani anasikia?

Robine ikakohoa siku kadhaa, kisha ikanyamaza. Kule juu watu walimwagilia maua. Bomba ni lile lile, mwanangu, na chemchemi ni ile ile. Tulikwenda biro, yaani ofisi ya maji, mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake tupu, na kila mtu akaambiwa arudi kesho. Mwisho tukachoka, kisha tukazoea, na kuzoea ndiko kubaya zaidi. Tukawa tunateka ziwani, pale pale watu wanapofulia na ng'ombe wanaponywea. Nilichemsha yale maji kila makala, yaani makaa, yalipopatikana. Hayakupatikana kila siku.

Sifa akaanza kuhara na kutapika. Dispanseri ya mtaa haikuwa na serumu, yale maji ya dripu, na muuguzi akaniambia nimpeleke hospitali. Njia ya hospitali inapita juu kwa wakubwa. Koko akanisindikiza, na tulipofika kwa Papa Dezire akagonga lango. Ni yeye tu aliyekuwa na uso wa kugonga pale.

Papa Dezire alitupokea vizuri, akanikalisha kwenye kiti kile kile. Koko alipomweleza habari ya robine alishika kichwa.

"Kumbe? Mimi kwangu mayi iko siku zote, Maman. Sikuyua."

Na ni kweli hakujua. Huo haukuwa ubaya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, basi. Alileta maji katika glasi, meupe kabisa, Sifa akanywa kidogo. Kisha akatupeleka hospitali kwa gari lake. Kesho yake asubuhi alikwenda biro ya maji akasema neno lake, na kabla ya jua kuzama robine yetu ilikuwa inatoka.

Maji yale ya kwanza, mwanangu, ndiyo niliyomwoshea Sifa kabla hatujamzika.

Mpaka leo linanichoma hilo. Maji yalikuwapo. Yalisubiri mtu anayesikilizwa aseme, na sisi hatukujua kusikilizwa bila yeye.

Sasa wewe nawe unahama. Nimeiona nyumba yako kule juu, nimeona na tangi, nikafurahi, usidhani ninakuonea wivu. Tutakubebea vitu vyako, mtaa mzima, nimeshawaambia, na mimi godoro dogo nitajaribu, magoti yakikubali. Lakini sikia nasaha yangu. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja, shuka uifanye huku kwetu. Fungua robine yetu kwa mkono wako. Ukiikuta kavu, usiende biro peke yako kama mkubwa, wala usiwaache hawa waende mmoja mmoja kama sisi. Nendeni wote, nawe uwe katikati yao, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Wazoee kusema, ili siku ukiwa haupo bado wasikilizwe.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akujazie nyumba yako watoto wazima, asikukaushie tangi lako kamwe, na akuachie kiu kidogo, usije ukatusahau.